Mjomba, pesa ni kidogo na orodha ni ndefu: pikipiki yangu niiongezee nini kwanza?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni dada wa miaka 32. Nimenunua pikipiki ya cc 150. Si mpya, mwenyewe aliyeniuzia ameitumia miaka kadhaa, lakini injini inawaka mara moja na haitoi moshi. Leseni ninayo, na kuendesha nilijifunza zamani kwenye pikipiki ndogo ya kaka yangu. Ila hii ndiyo ya kwanza kuwa yangu mwenyewe, na sikufichi, hata usiku nikiamka huwa naenda kuichungulia.

Nitaitumia kwenda kazini kila siku. Wakati wa kurudi huwa giza limeshaingia, na kipande kirefu cha barabara hakina taa. Mwisho wa mwezi nitakuwa nampakia mume wangu twende kumsalimia mama. Safari ni ndefu, nusu lami, nusu vumbi.

Shemeji yangu ni mpenzi mkubwa wa pikipiki. Siku alipoiona tu akakaa chini akaniandikia orodha: eksozi ya kuunguruma, taa mbili za LED za kufunga mbele, bampa ya kukinga injini, boksi kubwa la nyuma, tairi pana la nyuma, kishikio cha simu chenye chaja, na alamu. Anasema bila hivyo nimenunua nusu pikipiki. Fundi aliyeikagua kwa upande wake anasema matairi bado yana meno, nisihangaike nayo.

Pesa niliyobaki nayo inaweza kufika nusu ya orodha hiyo, tena kwa kujibana. Helmeti sikuiweka kwenye hesabu kwa sababu aliyeniuzia alinipa ya kwake bure. Jambo jingine ni urefu: nikikaa, ni ncha za vidole tu zinazogusa chini. Shemeji anasema ishushwe mbele na nyuma, kazi ya nusu siku.

Naomba uniambie bila kunionea haya. Nianze na nini, nini kisubiri, na nini niachane nacho? Shemeji sitaki kumvunja moyo, maana ana nia njema kabisa.

Mpwa wako,
Mwenye pikipiki ya bluu

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu, na hongera sana. Endelea tu kuichungulia usiku. Mtu anayeipenda pikipiki yake huwa wa kwanza kuona nati imelegea.

Nimeisoma orodha ya shemeji yako mara mbili. Ina vitu saba, na vyote saba vinafungwa kwenye chuma. Hakuna hata kimoja unachovaa wewe, na hakuna hata kimoja kinachoifanya pikipiki isimame upesi zaidi. Hapo ndipo mimi na yeye tunapotofautiana. Pesa yako ianzie mwilini mwako, iende kwenye breki na matairi, na itakayobaki ikae mfukoni kwanza huku ukiizoea pikipiki ilivyo.

Nasema uizoee kwa sababu. Mwaka 1981 Marekani ilitoka ripoti ya Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyechunguza pamoja na wenzake ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Zaidi ya nusu ya madereva waliopata ajali walikuwa hawajamaliza miezi mitano na pikipiki waliyoanguka nayo, ingawa wengi walikuwa na uzoefu wa miaka barabarani. Uzoefu ulioupata kwenye pikipiki ya kaka ni mali yako, lakini hii ina uzito wake na breki zake, na inalala kwenye kona kwa namna yake. Ukiibadilisha tairi, urefu na uzito ndani ya mwezi wa kwanza, kila wiki utakuwa unajifunza pikipiki nyingine.

Sasa hiyo helmeti ya bure. Irudishe, au itumie kupandia maua, lakini usiivae barabarani. Chini ya kile kitambaa laini cha ndani kuna tabaka la povu gumu, na hilo ndilo linalolinda ubongo. Linalinda kwa kubonyea: kichwa kikigonga, povu linakubali kusagika ili nguvu ya pigo isifike yote kwenye fuvu. Likishabonyea halirudi tena. Ganda la nje linaweza kuwa linang'aa kama jana limetoka kiwandani na povu la ndani limekwisha kazi, na wewe huna njia ya kujua helmeti hiyo ilianguka mara ngapi, au ilikaa miaka mingapi kwenye jua na jasho. Tena imezoea kichwa cha mtu mwingine. Taasisi ya Snell, inayopima helmeti, hupendekeza ibadilishwe kila baada ya miaka mitano hata kama haijapata ajali.

Ukienda kununua, anza na mkanda wa kidevu. Tafuta kitambaa kidogo kilichoshonwa pale chenye herufi E ndani ya duara, na chini yake namba ndefu. Namba ikianza na 06, helmeti imepimwa kwa toleo jipya la ECE, kiwango cha Umoja wa Mataifa cha helmeti, yaani 22.06, lililoanza kutumika 2021; ikianza na 05 ni toleo lililotangulia. Baada ya namba utaona herufi. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga, NP ipo lakini haikingi, na J ni helmeti iliyo wazi usoni. Wewe chukua yenye P. Ukikutana na alama ya DOT ya Marekani, jua kwamba kule mtengenezaji ndiye anayethibitisha mwenyewe kwamba bidhaa yake inafaa, na stika yenyewe ni rahisi kuigiza, kwa hiyo stika peke yake isikuridhishe.

Kisha ivae. Funga mkanda, shika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili, vuta kwenda juu na mbele kana kwamba unataka kuivua. Ikivuka kichwa, iache dukani. Izungushe kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu na ya paji la uso iende nayo, isiteleze ndani. Mashavu yabanwe kiasi kwamba ukijaribu kutafuna unayauma kidogo kwa ndani. Usiogope hilo, sponji za mashavu hulainika baada ya muda, na helmeti iliyokuwa huru dukani itakuwa inacheza kabisa baada ya miezi michache. Kaa nayo kichwani robo saa nzima bila kuona haya mbele ya muuzaji. Kama kuna sehemu moja inayochoma, hasa katikati ya paji, umbo lake na kichwa chako haviendani. Jaribu ya aina nyingine, usichukue namba kubwa zaidi.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2008 ulikadiria kwamba, kwa aliyepata ajali, helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna bampa wala taa itakayokupa kitu cha namna hiyo. Na mume wako naye anahitaji ya kwake ya kiwango hicho hicho. Abiria hugonga chini sawa na dereva.

Baada ya kichwa, mikono. Mtu akianguka hutanguliza viganja, haamui, vinakwenda vyenyewe. Kwa hiyo glovu zije kabla ya jaketi ikiwa pesa haitoshi vyote. Ziwe na ngozi au kitambaa kigumu mara mbili kwenye kiganja na mkanda wa kufunga kwenye kifundo, ili zisivuke mkononi. Zilizopimwa huwa na alama ya EN 13594 (EN ni kiwango cha Ulaya). Viatu vipande juu ya kifundo cha mguu na soli isiyokunjika ovyo. Jaketi linunuliwe lenye pedi za kweli mabegani na viwikoni. Alama ya pedi ni EN 1621 kiwango cha 1 au 2, na ya jaketi lenyewe ni EN 17092, ambapo AAA ni gumu kuliko AA, na AA kuliko A. Kwa safari za kazini A au AA inatosha na utaivaa kila siku. AAA nyingi ni nzito na huishia kuning'inia mlangoni.

Rangi nayo ina uzito. Ripoti ile ya Hurt iligundua kuwa katika ajali za pikipiki na gari, sababu iliyojirudia ni dereva wa gari kutomwona mwenye pikipiki. Halafu mwaka 2004 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand: waliovaa nguo za kung'aa au za kuakisi mwanga walikuwa na hatari ya ajali ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 37, na wenye helmeti nyeupe asilimia 24 kuliko wenye nyeusi. Wewe unayerudi gizani, chukua helmeti ya rangi nyeupe na riflekta ya kuvaa juu ya jaketi. Vitu hivi ni vya bei ndogo kuliko vyote nitakavyokutajia leo.

Tukija kwenye pikipiki yenyewe, naanza na fundi wako. Kuhusu meno yuko sahihi, ila meno ni nusu ya habari. Piga magoti pembeni ya tairi, tafuta maandishi ya DOT kwenye ubavu wake, fuata mpaka mwisho utakuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ikiwa ni 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira hukauka hata likikaa tu. Likishapita miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi linatupwa hata kama meno yake ni mapya kabisa. Kunja kidogo ubavu kwa kidole gumba uone kama kuna nyufa ndogondogo karibu na rimu. Tairi kavu kwenye lami iliyolowa ni hatari, na hilo meno hayatakuambia.

Likihitaji kubadilishwa, rudisha saizi ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye stika iliyobandikwa karibu na cheni. Hili tairi pana la shemeji sikubaliani nalo hata kidogo. Rimu imepimwa kwa upana wake. Tairi pana likifungwa kwenye rimu nyembamba hubanwa, mgongo wake unakuwa wa mviringo usio sahihi, na pikipiki inakuwa nzito kuilaza kwenye kona. Mara nyingine linasugua cheni au mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Utakuwa umelipa zaidi ili upate kidogo. Nunua badala yake kipimo cha upepo, cha kwako, na upime asubuhi matairi yakiwa bado ya baridi. Siku ya kumpakia mume wako tairi la nyuma linahitaji upepo zaidi. Kiasi chake kimeandikwa kwenye stika hiyo hiyo.

Breki. Kama ya mbele ni ya diski, angalia kile kidirisha kidogo kwenye kikopo cha mafuta ya breki juu ya usukani. Mafuta mapya yana rangi nyepesi. Yakiwa yamekolea kahawia yamenyonya unyevu, na unyevu huo huchemka breki ikipata moto mteremkoni, ndipo leva inakuwa laini na kuzama. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa namba ile ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi DOT 4. Kwa pikipiki uliyonunua mkononi kwa mtu yabadilishe tu mara moja, usisubiri kuuliza yana umri gani. Pedi ziangaliwe unene, na breki ya nyuma kama ni ya ngoma, kuna kishale kwenye mkono wake kinachoonyesha kama shuu zimekwisha. Hayo yakikamilika, tafuta uwanja mtupu ujifunze kuifunga breki ya mbele kwa nguvu inayoongezeka polepole, kwa sababu ndiyo yenye kazi kubwa ya kukusimamisha. Ripoti ya Hurt ilionyesha wengi walikanyaga ya nyuma mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na ya mbele wakaitumia kidogo mno.

Cheni sitaikalia sana: isafishwe, ipakwe oili, mlegeo wake uwe kama stika inavyosema, na meno ya spoketi yakiwa yamepinda kama ndoana, cheni na spoketi zote mbili zinabadilishwa pamoja.

Kuna maboresho mengine ambayo hayana gharama yoyote na hayamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Kaa kwenye kiti, funga macho, nyoosha mikono kwenye usukani na uweke vidole juu ya leva ya klachi na ya breki. Sasa fungua macho utazame kifundo cha mkono. Kikiwa kimekunjika kwenda juu au chini, legeza skrubu za leva uizungushe mpaka mkono unyooke kutoka kiwiko hadi vidole. Fanya hivyo na pedali ya breki na ya gia. Rekebisha saitimira uone njia ya nyuma badala ya viwiko vyako. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi za ukubwa huu zina pete yenye ngazi. Izungushe kupanda ngazi moja au mbili siku ya kubeba abiria. Ukishayafanya haya, pikipiki ya mtu itaanza kuwa yako.

Sasa taa, ambapo shemeji ana hoja. Barabara bila taa si mchezo. Lakini kabla ya kuongeza, pata kwanza mwanga wote wa taa uliyonayo. Kioo kikiwa na ukungu au njano, kisafishe au kibadilishe. Kisha simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mahali pa tambarare, wewe ukiwa umekaa juu yake. Weka alama ukutani kwa urefu wa katikati ya taa. Ukiwasha taa ya chini, ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hadi 8 chini ya alama hiyo. Pikipiki nyingi za mkononi zimeelekezwa ovyo, ama zinamulika tairi la mbele, ama zinapofua wanaokuja. Rudia na mume wako akiwa nyuma, utaona mwanga ulivyopanda; ndiyo maana nimezungumzia ile pete ya shokapu. Na usichomeke balbu ya LED kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya waya. Kile kikombe cha kuakisi kimepimwa kwa mahali waya ulipo. Chanzo cha mwanga kikihama, mwanga unatawanyika, wa mbele yako wanaumia macho na wewe huoni mbali.

Ukiona bado haitoshi, unaweza kuzitengea pesa taa za nyongeza, ila uliza kwanza umeme. Taa ya mbele ya pikipiki nyingi za cc 150 ni wati 35. Taa mbili za nyongeza za wati 20 kila moja ni wati 40, yaani umezidisha mzigo wa taa za mbele kupita mara mbili, kama ampea 3.3 zaidi kwenye betri ya volti 12. Je, jenereta yako inaweza? Jibu linapatikana kwa mita ya volti, na hapa mpe shemeji kazi, ataifurahia. Pikipiki ikiwa imezimwa tangu jana, betri nzima husoma karibu 12.6. Ikiwashwa na mafuta yakivutwa kiasi, isome kati ya 13.5 na 14.5. Washa sasa kila kitu: taa, indiketa, kanyaga breki. Ikibaki juu ya 13 kuna nafasi. Ikishuka chini ya hapo, kila safari ya usiku itakuwa inakula betri, na siku moja itagoma kuwaka ukiwa kwenye hicho kipande cha giza. Waya wa taa hizo utoke kwenye betri kupitia fyuzi yake iliyo karibu kabisa na betri, kisha rilei, yaani swichi ndogo ya umeme, inayowashwa na swichi ya ufunguo, ili ukizima pikipiki nazo zizime. Fundi akitaka kuchubua waya wa taa ya mbele na kuunga humo humo kwa gundi ya plasta, mshukuru na uondoke.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo ya alamu. Inakunywa umeme kidogo saa zote, hata pikipiki ikilala. Kwa wizi mimi napenda zaidi kufuli zito la mnyororo linalofungwa kwenye kitu kisichobebeka, likipita kwenye fremu au kwenye rimu ya nyuma. Kufuli la diski linasaidia, ila lifunge na kamba ya rangi mpaka kwenye usukani ikukumbushe, kwani wengi wameondoka nalo likiwa limefungwa.

Chaja ya simu haina shida, wati kumi hivi. Shida ni simu yenyewe. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kamera za simu zake unaotuliza picha. Injini yako si kubwa, hata hivyo chagua kishikio chenye mpira wa kumeza mtetemo, na kama njia ya kazini unaijua kwa moyo, simu ikae mfukoni.

Bampa sina ugomvi nayo. Pikipiki itakayopita vumbi itaanguka ikiwa imesimama angalau mara moja, na bampa ya bei ya kawaida huokoa leva, kifuniko cha injini na mguu. Hakikisha imetengenezwa kwa modeli yako na inashikwa na boliti za fremu, isiwe ya kulehemu.

Boksi la nyuma linahitaji tahadhari. Linakaa juu na nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila kilo unayoweka humo inanyanyua uzito kutoka gurudumu la mbele, na usukani unaanza kuelea ukikimbia. Soma kikomo kilichoandikwa kwenye keria, mara nyingi ni kilo chache kuliko watu wanavyodhani, na kumbuka boksi lenyewe limo kwenye hesabu hiyo. Kwa koti la mvua na chakula cha mchana linafaa. Kwa zawadi za mama tumia mikoba ya pembeni inayoning'inia chini, vizito chini kabisa, uzito sawa pande zote mbili. Fungia kwa mikanda bapa yenye kufuli. Zile kamba za mpira zenye ndoana zikichomoka huingia kwenye cheni. Jumlisha pia wewe, mume wako na mizigo, ulinganishe na kikomo cha kitabu.

Eksozi, hapana. Injini yako imepangwa pamoja na eksozi yake. Ukiifungua, hewa na mafuta havilingani tena, mara nyingi mafuta yanapungua na injini inachemka, na nguvu unayoisikia ni kelele. Nchi nyingi pia zina sheria juu ya kelele hizo. Pesa ya eksozi hiyo ingenunua glovu na viatu, na ikabaki ya vizibo vya masikio. Ndiyo, vizibo: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa upepo peke yake ndani ya helmeti hupita desibeli 90, na kwenye safari ya kwa mama masikio yako yatakushukuru.

Nimeuacha mwisho urefu kwa sababu ndio unaokutia hofu. Usiishushe. Ukishusha mbele na nyuma, chuma cha chini kinakaribia ardhi na kitagonga kwenye mashimo na kwenye kona. Stendi ya pembeni nayo inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima na upepo kidogo tu unaiangusha. Jaribu hivi: telezesha nyonga upande wa kushoto wa kiti, weka mguu huo wote chini, wa kulia ubaki kwenye breki. Mguu mmoja uliokanyaga vizuri unatosha kabisa, na madereva wengi wafupi huendesha hivyo maisha yao yote. Kisha pima nafasi unayosimama: epuka upande unaoteremka chini ya mguu wako wa kushoto. Ikibaki kazi ngumu, mtu wa viti apunguze sponji kwenye mbavu za kiti, pale mapaja yanaposhuka, bila kugusa katikati. Buti zenye soli nene zitakuongezea kidogo tena.

Fanya hayo ya helmeti, glovu, breki na matairi mwezi huu. Halafu shemeji akishapima umeme, niandikie namba alizosoma kwenye mita, moja moja, na aina ya pikipiki yako, tuone ni taa zipi itazimudu.

Mjomba wako